Uso Uliokataa Kukunjika

Neno lenyewe lilikuwa dogo, na Naomie alilitoa huku anachambua mchele, bila hata kuinua macho.

"Mama, siku ya mahari, nakuomba, usikunje uso."

Émérance alikuwa anakoroga sombe, majani ya muhogo. Mwiko ukasimama ndani ya chungu.

"Nani anakunja uso?"

"We, Mama. Ndugu za Marcellin walikuona ku kanisa. Walimuambia, mama ya ule musichana iko mukali sana, uso yake kama ya mutu wa kulipisha kodi."

Mtu akikutukana, unajua pa kumjibu. Lakini mtoto wako akikuomba kwa heshima uache kitu ambacho hukujua unakifanya, utamjibu nini? Émérance alifunika chungu, akaingia ndani, akachukua kioo cha marehemu mume wake, kile alichokuwa anajinyolea. Akajitazama. Hapo hapo akashtuka. Kati ya nyusi zake palikuwa na ndita mbili zilizosimama wima, zimechimbika kiasi kwamba punje ya mchele ingelala humo isianguke. Ya kwanza aliikumbuka: iliota mwaka ule wa vita, walipokimbilia msituni, Naomie mgongoni, jua machoni. Ya pili ilikuja na kifo cha mume. Hakuna hata moja iliyotokana na hasira. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa anaamkia watu wa Kasongo kwa uso wa ugomvi, na hakuna aliyemwambia! Iliuma. Iliuma kuliko alivyotaka kukubali.

Sasa kuna jambo moja lazima lieleweke mapema, maana bila hilo yote yanayofuata yataonekana ni upumbavu mtupu. Katika ukoo wa Émérance, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani usoni mpaka mahari yatolewe, na hata baadaye hutazamana kwa kuibia. Kugusana ndiyo usiseme. Marcellin alipokuja kujitambulisha, Émérance alijifungia jikoni na moshi wake, akatoka macho mekundu wageni walipokwisha kwenda. Naomie alipotaka kumwonyesha picha ya mchumba kwenye simu, alifumba macho akafunika na kitenge juu yake. Alijua jina la kijana, alijua ni muuguzi wa zahanati moja huko Kabambare, basi. Sauti yake hajaisikia, sura yake hajaiona.

Wala hakuwa anacheza. Shangazi yake Emilienne alizama mtoni siku moja ya masika, na mkwe wake ndiye aliyemshika nywele akamvuta hadi ukingoni. Wazee wakamwagiza kijana alete kuku wa haya, ndiyo dawa ya mkwe aliyegusa mwili wa mama mkwe. Kuku huyo hapokewi kwa uso laini. Mama mkwe kwanza anamkunjia uso mkwe wake mbele ya watu wote, waone kosa limeuma, ndipo ananyoosha mkono. Asiyekasirika atasamehe nini? Lakini shangazi Emilienne akacheka. "Mi nimukunjie uso mutu aliyenitoa mu maji?" Kuku akarudi na mwenyewe. Binti yake akazaa watoto watatu, na wote watatu wakawa wa kutetemeka mikono. Émérance alikua akiwaona wakimwaga maji kabla kikombe hakijafika mdomoni. Daktari alisema lake, mchungaji akasema lake. Yeye alijua anachokijua.

Basi, wiki ile ile Cécilia akarudi kutoka Salamabila.

Cécilia ni rafiki yake wa mawese; wananunua pamoja, na Cécilia ndiye anayepeleka madumu kwenye machimbo ya dhahabu ya huko. Wana umri mmoja, walivunja ungo mwaka mmoja. Sasa alishuka kwenye pikipiki mbele ya uwanja, akafungua kilemba, na Émérance akaachia ungo. Mashavu ya Cécilia yalikuwa yamejaa! Yale mashavu yaliyokuwa yameanguka tangu meno ya nyuma yalipong'oka yalikuwa yamenona, yamesimama, yanang'aa, kama ya mwali aliyetoka kulishwa ndani.

"Umekula nini?"

"Sindano," alisema Cécilia, na kucheka kwa tahadhari, maana ngozi ilikuwa bado inavuta. "Iko docta mumoja kule Salamabila, nyuma ya farmasi. Anakuya kila Posho, siku ya Jumamosi, na termosi yake ya barafu. Bibi za wanunuzi ya zahabu wote wanapita pale. Weka ya kujaza, Émérance. Ile unaingia muzee, unatoka kijana, palepale."

Émérance alimwambia Naomie anakwenda Wamaza kumwona ndugu mgonjwa. Mungu amsamehe. Siku mbili alikaa nyuma ya pikipiki, tope mpaka magotini, akishuka kila penye daraja la magogo, na njia nzima anajiambia: mtoto asione aibu siku yake, mtoto asione aibu siku yake.

Nyuma ya farmasi palikuwa na chumba kidogo, kiti cha plastiki, meza yenye kitambaa cheupe. Docta alivaa kofia ya kijani, barakoa na miwani. Kilichobaki cha kuonekana kilikuwa masikio. Émérance akajitaja kuwa Mama Aicha wa Kabambare. Uongo wa pili ndani ya siku tatu, yeye ambaye hukaa kanisani safu ya mbele.

"Mama Aicha, uko nataka nini?"

"Ile ya kujaza. Kama ya Cécilia."

Kijana hakukimbilia sindano. Alinawa mikono kwanza, mpaka viwikoni, akaweka chupa mbili mezani.

"Mama, sikiliza vizuri. Iko aina mbili, na kazi yao hapana moja. Hii inajaza. Mahali nyama imekwisha, inaweka kitu, unaona palepale, inakaa mwaka. Hii ingine haijazi kitu. Inalalisha musuli, ile inavuta ngozi na kuikunja. Leo hautaona kitu. Siku ya tatu, ya ine, musuli inalala. Kisha miezi tatu, miezi ine, inaamuka, na kunja inarudi. Sasa, ni nini inakuumiza? Mashavu, ao hapa?" Akaonyesha kati ya nyusi zake mwenyewe.

"Hapa. Basi ujaze hapa."

"Hapana, Mama. Hapa mi sijazi mutu, hata akilia. Iko mishipa ya damu inaenda ku jicho. Dawa ya kujaza ikiingia mule, jicho inakufa."

Émérance alishika kiti. Jicho linakufa! Na Cécilia hakulisema hilo hata kwa bahati mbaya! Akamtazama kijana upya, na lazima niseme ukweli, alimpenda moyoni. Wangapi wangemwambia mteja hapana, na mteja ameshika fedha mkononi? Fedha zenyewe zilitosha chupa moja tu. Angeweza kutoka na mashavu ya Cécilia na ndita zake palepale, mrembo mwenye hasira. Au angeweza kubaki na mashavu yake matupu, lakini paji la uso limetulia.

"Inalalisha," alisema. "Nipe ile ya kulalisha."

"Basi kunja uso, Mama. Kunja sana, nione musuli."

Kabla ya kuvaa glavu alimchora alama tano kwa kalamu nyeupe, na kidole gumba cha mkono wake wa kushoto kikakaa mbele ya jicho la Émérance muda wote huo. Ukucha wake ulikuwa umepasuka katikati, ukaota vipande viwili kama kwato ya mbuzi. "Mnyororo ya pikipiki," alisema docta alipoona anautazama. Kisha sindano tano, kila moja kama siafu. Akamkataza kulala chini kwa saa nne na kusugua pale, akamwambia asivae kofia ya pikipiki siku hiyo. Hakuna kilichobadilika. Émérance alirudi Kasongo na ndita zake mbili, akajiona ametapeliwa.

Asubuhi ya nne tangu sindano, mbuzi wa jirani aliingia kwenye muhogo wake uliokuwa unakauka. Émérance akatoka mbio, akamfokea, na katikati ya kufoka akahisi kitu cha ajabu: hasira ilipanda mpaka kwenye nyusi, ikafika, ikakosa mlango. Akakimbilia kioo. Akakunja. Uso ukakataa. Akakunja kwa nguvu zote mpaka meno yakalia, na lile paji likabaki tambarare, limekaa kimya kama la mtu anayesikiliza mahubiri. Akapiga kelele. Kisha akacheka. Kisha akaogopa kidogo, akakaa chini.

Naomie aliona siku mbili baadaye. "Mama, umepumuzika Wamaza," alisema kwa furaha, na mambo yakaishia hapo.

Siku ya mahari uwanja ulijaa. Walikuja watu wa Kabambare na mbuzi wao, vitenge, chumvi, mapanga na taa, na André, baba mdogo wa Naomie, alipokea kimoja kimoja kwa niaba ya marehemu kaka yake, akikataa hiki, akidai kile, kama inavyopasa. Watu wakacheka, wakazozana, wakapatana. Nyuma ya nyumba wali ulikuwa unakauka kwenye sufuria. Ikabaki jambo la mwisho kabla ya kula: mbuzi wa mama.

Mbuzi huyo mkwe humkabidhi mama mkwe mwenyewe, kamba toka mkono hadi mkono bila kugusana, vichwa vyote viwili vimeinama. Émérance alitoka jikoni na kitenge kipya kichwani, akisikia wanawake wa Kabambare wakinong'onezana: "Huyu ndiye mama mukali? Angalia, uso iko amani!" Moyo wake ukajaa. Akasimama, macho chini. Akaona viatu vyeusi vya mwanamume vikija, vikasimama. Akaona kamba. Akaona mkono wa kushoto ulioishika.

Ukucha ulikuwa vipande viwili.

Si kweli, akajiambia. Vidole gumba viko vingi, minyororo ya pikipiki iko mingi. Na hapo akafanya kosa ambalo hakuwahi kulifanya maishani: akainua kichwa. Kijana naye, kwa kuhisi kamba haipokewi, akainua chake. Wakatazamana. Marcellin aliona paji la uso alilolilaza mwenyewe kwa mkono wake, sehemu tano, zimekaa sawasawa. Mdomo wake ukafunguka. Kamba ikamponyoka, na mbuzi akapata uhuru wake, akapita kati ya wazee, akaangusha benchi, akaingia kwenye masahani.

"Mama Aicha!" alisema Marcellin. Ilimtoka tu.

"Aicha nani?" aliuliza André.

Vijana walimfukuza mbuzi, wanawake wakaokota masahani, na kwa dakika moja hakuna aliyewajali wale wawili. Dakika hiyo Émérance alikuwa na nafasi ya kunyamaza. Kijana hangesema, macho yake yalikuwa yamerudi chini, wala Naomie hakujua lolote kuhusu chumba kile nyuma ya farmasi. Kila mmoja alikuwa na siri yake, na siri zenyewe zilikuwa moja. Wangekula, wangecheza, yangekwisha. Lakini wali ukiliwa, mahari yamefungwa, na kuku wa haya haji baada ya kula. Émérance aliona mikono ya wajukuu wa shangazi Emilienne, na maji yanamwagika kutoka kwenye kikombe. Akaona watoto wa Naomie, ambao hawajazaliwa bado, wakishika kikombe.

"Musipakue chakula," alisema. "Huyu mukwe alishanishika uso."

"Alikushika uso?" André alisogea. "Wapi?"

"Salamabila."

Lo! Angesema kanisani, angesema sokoni, pangekuwa na heri. Salamabila! Mama mjane na mchumba wa binti yake, huko kwenye mji wa machimbo na baa! Bibi mmoja wa Kabambare akajishika kichwa. Mwingine akaanza kukusanya vitenge vilivyokwisha kutolewa. Naomie alitoka ndani na nguo yake mpya, kilemba kimelegea, akasimama mlangoni.

"Mama, sema ni bongo, unadanganya."

"Hapana bongo."

"Muangalie uso yake!" alipiga kelele dada yake Marcellin. "Anasema maneno kama hii, na hata haya kidogo hakuna! Amelegea kabisa!"

Na hapo ndipo Émérance alipojua alichonunua. Ndani alikuwa anaungua. Aibu ilikuwa imemjaa hadi kooni, angependa ardhi ipasuke immeze na kitenge chake, na nje, juu ya paji la uso, hakuna habari. Alijaribu kukunja. Alijaribu kwa roho yote, watu waone. Uso ukabaki unasikiliza mahubiri.

Marcellin ndiye aliyemwokoa. Alimgeuzia mgongo Émérance, kama inavyotakiwa, akapiga magoti kwenye vumbi na suruali yake ya sherehe.

"Ba papa, nisikilizeni. Kule Salamabila mi niko nadunga watu sindano ya uso. Naomie sikumuambia, nilipata haya. Mama alikuya, mi sikumujua, yeye hakunijua. Hatujaonana hata siku moja, tungejuana namna gani? Nilimudunga sindano tano, na mulango ilikuwa wazi."

"Alikuwa na malaria?" aliuliza mzee mmoja.

"Hapana, Papa. Ni sindano ya kuondoa kunja."

"Kunja inauma?"

"Hapana."

"Sasa alidungwa ya nini?"

Hapo watu wote wakamgeukia Émérance. Yeye hakumtazama André, wala wale wa Kabambare. Alimtazama mtoto wake pale mlangoni.

"Naomie aliniomba siku yake nisikunje uso," alisema. "Mi sikukuwa na kasirani, mwanangu. Ni vile tu uso yangu ilibakia. Sikujua kuitoa kwa njia ingine."

Naomie alifunika mdomo kwa mikono miwili. Macho yalimtoka. Alisema neno lile huku anachambua mchele, akalisahau kabla mchele haujaiva, na mama yake akalibeba kwenye pikipiki siku mbili kwenda na siku mbili kurudi. Hakulia. Alikuwa ameshtuka mno, hata kulia kulimshinda.

Wazee walijitenga nyuma ya nyumba. Walikawia, wakabishana kama sindano ni kugusa au ni kutibu, wakakubaliana kwamba kidole kilitangulia sindano, na kidole ni kidole. Walirudi na kuku mweupe aliyenunuliwa kwa jirani wakati ule ule. Marcellin akapewa. Akasimama mbele ya mama mkwe wake, kuku kifuani, safari hii kichwa juu, maana kwa jambo hili ni lazima aone.

"Mama Naomie," alisema André kwa sauti ya kazi, "kunja uso."

Émérance akakunja.

"Kunja, tumesema."

"Niko nakunja!"

Watu walinyoosha shingo. Hakuna kitu. Mtoto mmoja akacheka, akapigwa kofi. Émérance alisukuma nyusi, akauma meno, akafikiria kifo cha mume wake, akafikiria msitu na risasi, na lile paji likamkatalia mbele ya koo mbili. Jasho likamtoka. Miezi mitatu, kijana alisema, miezi minne. Shangazi Emilienne alicheka kwa hiari yake. Yeye angewaponza watoto wa Naomie kwa sababu ya chupa moja ya dawa! "Siwezi," alisema, na sasa sauti ilivunjika, na machozi yakaanza kuteremka kwenye uso ule uliotulia. "André, mi siwezi. Imelala."

Desturi haikuwahi kufikiria jambo la namna hii.

Naomie alitoka mlangoni. Alipita kati ya wazee bila kuomba njia, akasimama mbele ya mama yake, akamfuta machozi kwa pembe ya kitenge chake kipya. Kisha akaweka kidole gumba na cha shahada kati ya nyusi za Émérance, akabana ngozi, akaikunja taratibu, ikasimama.

"Inafaa?" alimwuliza André bila kugeuka.

André aliwatazama wazee wenzake. "Mama na mutoto ni nyama moja," alisema mmoja wao. "Mukono yake ni mukono ya mama."

"Hivi, Mama?" Naomie alinong'ona.

Émérance alimtazama Marcellin machoni, kupita juu ya mkono wa binti yake.

"Weka mbili," alisema. "Zilikuwa mbili."

Naomie akaleta mkono wa pili, akakunja na ya pili kando ya ile ya kwanza, akazishika zote mahali pake. Ndipo Émérance aliponyoosha mikono, akapokea kuku.